Tanuri la wavu, la unga au la mchanga: madini ya makaa ya mawe yanavyogeuka majivu, na jinsi ya kuchagua

Mtu anayekinunulia kiwanda boila ya makaa ya mawe kwa kawaida huwekewa karatasi mbili mezani: cheti cha maabara kinachotaja asilimia ya majivu katika makaa, na maelezo ya muuza boila yanayotaja asilimia ambayo tanuri lake linaweza kuihimili. Namba ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, mkataba hutiwa saini. Ulinganisho huu unaanzia hapo, kwa sababu namba hizo mbili hazitoshi kumwongoza mnunuzi. Makaa hayachimbwi yakiwa na majivu. Huchimbwa yakiwa na madini, na majivu hutengenezwa na moto. Madini yale yale yakipitishwa katika matanuri matatu ya aina tofauti hutoa majivu ya namna tatu, yasiyofanana kwa umbo, kwa kemia, kwa mahali yanapoangukia, wala kwa bei yake sokoni.

Matanuri yenyewe ni haya. Katika tanuri la wavu, makaa ya vipande huungua yakiwa yamelala juu ya wavu wa chuma huku hewa ikipenya kutoka chini. Katika tanuri la unga, makaa husagwa yakawa laini, kisha hupulizwa pamoja na hewa na kuungua yakiwa yanaelea. Katika tanuri la mchanga, makaa hutiwa ndani ya mchanga wa moto ambao hewa ya chini huupiga kwa nguvu hadi ukatokota kama uji. Tanuri la saruji ni la nne, na nimelitenga kwa kuwa humo majivu hayatoki nje kabisa.

Madini yaliyomo, na yanachokuwa motoni

Katika makaa mengi, sehemu kubwa ya madini ni udongo wa mfinyanzi, hasa kaolini na ilaiti. Hufuata kwatsi, ambayo ni silika tupu. Pairiti, ambayo ni chuma kilichofungamana na salfa. Na kaboneti kama vile kalsaiti, dolomaiti na sideraiti. Makaa machanga ya rangi ya kahawia yana jambo la ziada: sodiamu, kalsiamu na magniziamu zilizomo haziko katika chembe za madini zinazoweza kutenganishwa, bali zimeshikamana na mata ya kaboni yenyewe, kwa hiyo kuyaosha makaa hakuziondoi.

Kila aina ya madini ina njia yake. Kaolini hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake kati ya nyuzi 450 na 600 za Selsiasi, na uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 14. Ikizidi kupashwa hadi kupita nyuzi 1,100 huzaa mulaiti, fuwele ngumu ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Kalsaiti huachia hewa ya ukaa kati ya nyuzi 700 na 900 hivi, ikapoteza asilimia 44 ya uzito wake na kubaki chokaa ambayo haijazimwa. Pairiti huanza kuachia salfa kwenye nyuzi 500 hivi, kisha chuma kinachosalia huungana na oksijeni, na mwisho wa yote gramu 120 za pairiti huwa zimebaki gramu 80 za oksidi ya chuma. Kwatsi peke yake haipotezi kitu.

Hii ndiyo sababu majivu huwa mepesi kuliko madini yaliyoyazaa. Wahandisi wengi hutumia kanuni ya Parr kurudi nyuma kutoka majivu hadi madini: zidisha asilimia ya majivu kwa 1.08, kisha ongeza asilimia ya salfa iliyozidishwa kwa 0.55. Makaa yenye cheti cha majivu asilimia 22 na salfa asilimia 1 kwa kweli yana madini yanayofikia asilimia 24.3, na hiyo ndiyo mizigo ya mawe ambayo mnunuzi anailipia usafiri.

Hata maabara yenyewe ni tanuri, tena la aina yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1171 huchoma sampuli hadi nyuzi 815, na kile cha Marekani, ASTM D3174, hadi nyuzi 750. Vyote viwili hutaka joto lipandishwe polepole, na sababu yake inafaa kueleweka: salfa ya pairiti ipewe nafasi ya kutoka kabla kalsaiti haijawa chokaa, la sivyo chokaa itainasa salfa hiyo, majivu yatakuwa mazito kuliko inavyostahili, na cheti kitasema uongo bila mtu yeyote kukusudia. Cheti cha ISO na cha ASTM visilinganishwe kana kwamba vimetoka kwenye kipimo kimoja, hasa kwa makaa yenye kaboneti nyingi.

Asilimia kubwa si lazima iwe taabu

Kituo cha umeme cha Lethabo, katika jimbo la Free State nchini Afrika Kusini, kimejengwa ili kuchoma makaa ambayo majivu yake yanaweza kufikia asilimia 42. Katika bonde la Latrobe, jimbo la Victoria nchini Australia, makaa ya kahawia yana majivu machache mno, mara nyingi chini ya asilimia 4 ya uzito mkavu. Anayesoma asilimia tu atadhani boila za Latrobe hazina shida. Ukweli ni kwamba sodiamu ya makaa hayo hugeuka mvuke ndani ya moto, kisha huganda pamoja na salfa juu ya mabomba yaliyopoa kidogo, na gamba linalotokea ni mojawapo ya matatizo makubwa ya kuendesha boila hizo. Huko Lethabo kazi kubwa ni kusafirisha tani kwa tani za kitu kisichonata. Huko Latrobe ni kupambana na kiasi kidogo cha kitu kinachonata. Mimi ningechagua tatizo la kwanza, kwa kuwa mikanda na malori huliweza.

Makaa ya Afrika Mashariki yanaelekea upande wa Lethabo kuliko wa Latrobe. Yale ya Ngaka wilayani Mbinga, na ya Kiwira kusini-magharibi mwa Tanzania, yalijengeka katika miamba ya Karoo, yaani matabaka ya kale ya miamba ya kusini na mashariki mwa Afrika, kundi moja na makaa ya Afrika Kusini. Kwa jumla makaa ya kundi hilo yana madini yaliyotawanyika kwa chembe ndogondogo ndani ya kaboni, kwa hiyo kuyaosha hupunguza majivu kwa kiasi fulani tu, tofauti na makaa mengi ya Ulaya, ambayo mawe yake hutengana nayo kwa wepesi. Mnunuzi anayeahidiwa kwamba makaa “yataoshwa hadi asilimia 10” anapaswa kuomba jaribio la kuosha lililofanywa kwa makaa hayo hayo.

Tanuri la wavu

Faida yake ni urahisi. Halihitaji kinu cha kusaga, feni zake ni ndogo, na sehemu kubwa ya majivu hubaki juu ya wavu hadi yaangukie shimoni, kwa hiyo vumbi linalopanda dohani ni dogo kuliko la matanuri mengine mawili. Kwa kiwanda cha chai, cha nguo au cha vinywaji kinachohitaji tani chache za mvuke kwa saa, hili ndilo tanuri la kufikiriwa kwanza.

Udhaifu wake uko katika chuma. Ndani ya tabaka la makaa yanayoungua kuna mahali ambapo hewa haitoshi, na hapo oksidi ya chuma iliyotoka kwenye pairiti au sideraiti hubaki katika hali yenye oksijeni haba. Chuma cha namna hiyo kikikutana na silika huzaa feyalaiti, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,205, na tabaka la makaa hulifikia joto hilo bila shida. Kinachotokea ni bonge la kioo cheusi lenye matundumatundu, lililofumbata ndani yake vipande vya makaa ambayo hayajaungua. Bonge hilo huziba njia za hewa. Hewa iliyozuiwa hukimbilia pembeni na kuongeza joto huko. Joto hilo huyeyusha majivu mengine, na saa chache baadaye mtu wa zamu amesimama mlangoni na mtaimbo akivunja kitu kinachofanana na mwamba. Makaa yaliyonaswa ndani ya bonge ni fedha iliyotupwa, na kila mlango unapofunguliwa boila hupoteza joto.

Kwa sababu hiyo, anayenunua tanuri la wavu asiangalie asilimia ya majivu kabla hajaangalia joto la kuyeyuka kwa majivu. Kipimo chake ni rahisi kukisimulia: majivu husokotwa kuwa piramidi ndogo, ambayo katika kiwango cha ASTM D1857 ina kimo cha milimita 19, kisha hupashwa joto huku mtu akiitazama. Huandikwa joto la aina nne: ncha inapoanza kupinda, piramidi inapojikunja kuwa tufe, inapolala kuwa nusu tufe, na inapotandazika kabisa. Kipimo hufanywa mara mbili, katika hewa yenye oksijeni na katika hewa isiyo nayo ya kutosha, na kwa majivu yenye chuma kingi tofauti ya majibu inaweza kuzidi nyuzi 100. Wauzaji hupenda kuonyesha jibu la juu. Mwenye tanuri la wavu anapaswa kudai lile la chini, maana ndilo linalofanana na kinachotokea katikati ya tabaka lake.

Kuna jambo moja linalowashangaza wanunuzi: majivu machache mno nayo hulidhuru tanuri hili. Vyuma vya wavu hulindwa dhidi ya moto na tabaka jembamba la majivu, na makaa safi kupita kiasi huviacha wazi vikaungua.

Tanuri la unga

Hapa makaa husagwa mpaka asilimia 70 hivi ya unga ipite kwenye chekeche lenye matundu ya maikromita 75. Ulimi wa moto hufika nyuzi 1,400 hadi 1,600 na zaidi, na kila chembe huupita kwa sekunde chache tu. Katika muda huo udongo wa mfinyanzi huyeyuka, ukijichanganya na chuma, kalsiamu au potasiamu yoyote iliyokuwa ndani ya chembe ile ile ya makaa. Tone lililoyeyuka hujivuta lenyewe kuwa duara, kisha hupoa upesi mno kiasi cha kutopata nafasi ya kujenga fuwele, likabaki kioo. Ukiyatazama majivu haya kwa hadubini utaona vitufe laini vinavyong'aa, vingi vikiwa na upana wa kati ya maikromita 1 na 100. Vingine vina uwazi ndani kwa sababu gesi ilinaswa wakati wa kuyeyuka, na hivyo huelea juu ya maji. Katikati yao huonekana vipande vyenye kona kali ambavyo havikuyeyuka, na hivyo kwa kawaida ni kwatsi.

Asilimia 80 hadi 90 ya majivu hupaa pamoja na moshi, na iliyobaki huanguka chini ya tanuri. Hivyo kichujio si kitu cha kuongeza baadaye bajeti ikiruhusu. Ni sehemu ya mtambo, iwe ni kichujio cha umeme au cha mifuko. Jambo hilo lina uzito kwa sababu baadhi ya vitu vilivyogeuka mvuke motoni, kama vile aseniki na seleniamu, huganda juu ya chembe zilizo ndogo kuliko zote, ambazo ndizo ngumu kunaswa na ndizo zinazofika mbali mapafuni.

Katika tanuri hili, mahali pairiti ilipokuwa kabla ya kusagwa huleta tofauti kubwa. Ile iliyo ndani ya chembe ya makaa, jirani na udongo, huyeyuka pamoja na udongo huo na kuwa sehemu ya kioo. Ile iliyojitenga wakati wa kusaga husafiri peke yake ikiwa tone zito la chuma na salfa, huyeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi, na kwa uzito wake hushindwa kupinda pamoja na upepo, ikaupiga ukuta wa boila na kunata. Huo ndio mwanzo wa gamba la ukutani. Kwatsi nayo, iliyo ngumu kuliko chuma cha mabomba, husugua kila kona ambamo moshi unapita kwa kasi. Vyeti viwili vyaweza kuonyesha silika sawasawa, kimoja kikiwa cha makaa yenye silika iliyofungwa kwenye udongo na kingine cha makaa yenye kwatsi huru, na maisha ya mabomba yakatofautiana sana.

Kinacholipa gharama zote hizi, mbali na uwezo wa kuzalisha umeme mwingi, ni soko la majivu. Kioo chenye silika na alumina (oksidi ya alumini), kikiwa laini hivyo, hushirikiana na chokaa inayotokana na saruji iliyotiwa maji na kuimarisha zege. Bwawa la Hungry Horse katika jimbo la Montana nchini Marekani, lililokamilika mwaka 1953, lilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo kutumia majivu haya kwa wingi. Kiwango cha ASTM C618 huyagawa katika daraja F, lenye kalsiamu chache, na daraja C, lenye kalsiamu nyingi, kama yanayotokana na makaa ya Powder River nchini Marekani. Makaa ya Karoo kwa kawaida hutoa daraja F. Lakini kaboni ambayo haikuungua ikizidi, mnunuzi wa zege huyakataa, kwa kuwa kaboni hiyo hufyonza dawa zinazotiwa ili zege libaki na viputo vya hewa.

Pasipo soko, majivu hayo hayo hugeuka deni. Tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka huko Kingston, jimbo la Tennessee, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikamwagika mtoni na kwenye makazi.

Tanuri la mchanga

Joto lake ni nyuzi 850 hivi, na tabia zake karibu zote hutokana na namba hiyo. Udongo wa mfinyanzi hupoteza maji lakini hauyeyuki. Chuma huwa oksidi nyekundu, ndiyo maana mara nyingi majivu yake huelekea rangi ya hudhurungi. Chembe hubaki na umbo la ovyo, lenye vinyweleo, na gamba la ukutani la aina niliyoieleza juu halipati nafasi. Makaa yenye mawe mengi, yanayobadilika kutoka lori moja hadi jingine, huungua humu vizuri kuliko penginepo, kwa kuwa mchanga hubeba joto la kutosha kuyawasha.

Kwenye joto hilo hilo chokaa hunasa salfa kwa ufanisi wake mkubwa, kwa hiyo mawe ya chokaa hutiwa pamoja na makaa na salfa huishia kwenye majivu badala ya kupanda dohani. Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kufanya hesabu ambayo muuzaji mara nyingi haimwonyeshi. Tani moja ya makaa yenye majivu asilimia 22 na salfa asilimia 1 huacha kilo 220 za majivu. Kunasa asilimia 90 ya salfa yake, kwa uwiano wa atomi mbili na nusu za kalsiamu kwa kila atomi ya salfa, huhitaji kilo 78 hivi za mawe ya chokaa, ambazo huongeza takribani kilo 65 za salfeti ya kalsiamu na chokaa iliyobaki. Majivu ya kutupwa yamekuwa kilo 285. Salfa ikiwa asilimia 3, nyongeza hiyo inakaribia kilo 200.

Majivu haya hayauziki kirahisi kwa watu wa zege. Chokaa iliyobaki huchemka ikikutana na maji, na salfeti huweza kuifanya zege ivimbe na kupasuka. Kiwango cha Ulaya cha EN 450 kimeandikwa kwa ajili ya majivu ya makaa ya unga. Matumizi ya majivu ya tanuri la mchanga ni kujazia mashimo ya migodi, kutuliza maji yenye tindikali na kuimarisha udongo wa barabara.

Tahadhari moja zaidi inawahusu wanaotaka kuchanganya makaa na pumba, maganda ya kahawa au mabaki ya mashambani. Potasiamu iliyomo humo huungana na silika ya mchanga na kuzaa kioo kinacholainika chini ya nyuzi 800, yaani chini ya joto la tanuri lenyewe. Punje za mchanga huanza kugandana, hewa hushindwa kuzipiga, na tanuri zima husimama kama bonge moja.

Tanuri la saruji

Humo majivu hushuka juu ya malighafi zenye joto la nyuzi 1,450 na kuwa sehemu ya klinka, yaani vidonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Kwa kilo 150 za makaa yale yale ya majivu asilimia 22 kwa kila tani ya klinka, majivu ni kilo 33, na silika na alumina yake hudai chokaa zaidi katika mchanganyiko. Wingi wake huweza kusahihishwa, kubadilikabadilika hakuwezi. Makaa ya asilimia 28 yasiyobadilika ni bora kwa kiwanda cha saruji kuliko yale yanayoruka kati ya 18 na 28 ndani ya wiki moja.

Uchaguzi wangu

Kwa mvuke kidogo, na makaa ambayo majivu yake hayaanzi kulainika chini ya nyuzi 1,250 katika hewa yenye oksijeni haba, ningechukua tanuri la wavu bila kusita. Joto hilo likiwa chini zaidi, au salfa ikipita asilimia 2, au makaa yakitoka kwa wachimbaji wengi tofauti, ningelipia gharama ya ziada ya tanuri la mchanga, feni zake na umeme zinaoula, mradi kuna mahali halali pa kupeleka majivu. Tanuri la unga ningelikubali kwa kituo kikubwa cha umeme pekee, na iwapo kiwanda cha saruji kilicho karibu kimekubali kwa maandishi kuyanunua majivu. Bila hivyo, gharama ya bwawa la majivu ihesabiwe tangu siku ya kwanza.

Kwa vyovyote vile, vipimo viombwe vinne kwa pamoja: majivu na kiwango kilichotumika, salfa pamoja na kiasi kilicho katika pairiti, joto la kuyeyuka katika hewa zote mbili, na uchambuzi wa oksidi za majivu ukiwemo wa sodiamu na potasiamu. Sampuli ichukuliwe kwenye lori lililofika kiwandani, si kwenye uso wa mgodi, kwa sababu mashine ya kuchimba huondoka na mwamba wa juu na wa chini ya makaa, na mwamba huo ni udongo na kwatsi ambazo hazikuwemo kwenye cheti cha mgodini.